Ngozi ya Mbega

Watoto walitaka Saadani, wakaone wanyama ufukweni. Nikapiga hesabu ya nauli ya watu watano kutoka Moshi, nikawaambia tunakwenda Msitu wa Rau, kwa miguu, na chupa ya chai. Walinuna njia nzima.

Baba yangu, miaka 83, ndiye aliyetangulia. Kwenye mti wa kwanza wa msoo aliligonga shina kwa fimbo kama anayebisha hodi. Msoo hupenda mizizi yake inywe, na Rau maji yako karibu tu chini ya udongo; ndiyo maana msitu huwa mbichi hata vumbi la mjini linapotanda kwenye mabati. Mjerumani aliyeuingiza msoo vitabuni aliuacha na jina la wenyeji: Oxystigma msoo. Baba hulisema hilo kwa majivuno, utadhani alishauriwa.

Kisha akanyanyua fimbo. "Mbega."

Mwanangu mdogo akasikia mbege, ile pombe ya ndizi. "Babu, una kiu?"

Walikuwa saba juu ya mvule, mikia imening'inia kama mashada ya sufi. Mmoja alipakata kichanga cheupe pepepe. Huzaliwa hivyo, weusi huja baadaye. Mbega hana kidole gumba cha maana, na kazi yake ni kula majani na kuketi na tumbo lake. Hamwibii mtu mahindi kama tumbili. Kilichomponza ni manyoya.

Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alifika kwa Mangi Rindi wa Moshi, kabla ya kukusanya mimea na wanyama mlimani. Mwaka uliofuata, huko London, mtaalamu wa wanyama Oldfield Thomas akampa mbega wa Kilimanjaro jina la caudatus, yaani mwenye mkia. Wachaga hawakuhitaji kuambiwa: askari wao walivaa ngozi ya mbega vitani na ngomani. Lakini askari mmoja ngozi moja ilimtosha miaka mingi. Mabibi wa Ulaya walipoyapenda manyoya yale kwenye makoti na mapindo, ngozi zikaanza kudaiwa kwa marobota.

Baba aliikuta ngozi moja tu, ya babu yake, imetundikwa juu ya kitanda. Siku za sherehe watoto waliruhusiwa kuipapasa, mmoja mmoja, baada ya kunawa mikono. Anakumbuka harufu ya moshi na jinsi manyoya yalivyokuwa mazito kuliko yalivyoonekana. Bibi yake alipobatizwa, aliichoma nyuma ya zizi. "Ilinuka siku mbili," alisema Baba, akamimina chai.

Mwanangu mkubwa alikuwa amempiga picha yule mwenye kichanga. Akaivuta mkia ukajaa kiooni, akampa babu yake simu. Mzee alifuta mkono kwenye koti kwanza. Kisha akaupapasa mkia taratibu kwa kidole gumba, picha ikaruka, vikaja viatu vyangu.

"Mrudishe," akasema.