Mabinti wawili, mmoja Lamu: Jinsi ya kumtafuta jamaa katika magazeti na karatasi za zamani

Mwaka jana watoto wa marehemu mjomba walipata mnunuzi wa shamba letu la minazi huko Kisauni. Shamba bado liko kwa jina la babu mzaa mama, kwa hivyo wakili wa mnunuzi akataka orodha ya warithi aliowaacha. Tukaandika wanne: nyanya, wajomba wawili na mamangu. Mamangu alipoletewa karatasi atie sahihi, alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza, "Na yule wa Lamu?"

Babu alikuwa baharia wa jahazi. Kabla ya kumuoa nyanya alikuwa na mke Lamu, akazaa naye binti. Sisi tuliambiwa mtoto huyo alikufa mchanga. "Nilisikia tu," mamangu akasema. "Kaburi sikuonyeshwa."

Ndugu msomaji, hili halikuwa jambo la udaku. Katika mirathi yetu, tarehe ya kufa ndiyo inayoamua. Ikiwa binti alitangulia kufa, watoto wake hawamrithi babu yao madhali wajomba wapo. Ikiwa alifariki baada ya babake, hata kwa siku moja, fungu lake limethibiti na linakwenda kwa warithi wake. Ukishatoa thumuni ya mke, kilichobaki ni mafungu sita: wana wa kiume mawili mawili, mabinti moja moja. Tukimwacha nje, yanakuwa matano, na sisi tunakula cha mtu.

Nikaanza kutafuta. Nilivyofanya naviandika hapa, kwani najua nyumba nyingi za Pwani zina shamba kama letu.

Anza nyumbani. Wazee wetu waliandika vizazi na vifo katika kurasa za mwanzo za msahafu, kwa herufi za Kiarabu. Katika msahafu wa babu nilikuta jina la yule binti, na mbele yake "Ramadhani 1350". Mbele ya majina ya watoto wawili wengine waliokufa wachanga, babu aliandika pia siku walipofariki. Mbele ya jina lake hapakuwa na kitu.

Geuza tarehe kwa uangalifu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama 11, kwa hivyo mwaka mmoja wa Hijria mara nyingi huangukia miaka miwili ya Miladi. Ramadhani ya 1350 ilianza Januari 1932. Babu alifariki Shaaban 1383. Mwaka huo ulianza Mei 1963 ukaisha Mei 1964, na Shaaban yake ilianza katikati ya Desemba 1963. Ongeza siku moja au mbili kila upande, kwa sababu ya kuandama kwa mwezi.

Usitupe vipande vya magazeti. Katika mkebe wa biskuti wa nyanya mlikuwa na kipande cha tanzia ya babu, hakina tarehe wala jina la gazeti. Kiligeuze nyuma. Mgongoni mwa chetu kulikuwa na nusu ya habari za sherehe za Uhuru, nikajua ni baada ya tarehe 12 Desemba 1963, na hilo likaafikiana na Shaaban. Mbele, mstari wa mwisho ulisema marehemu ameacha kizuka, watoto wawili wa kiume na "mabinti wawili, mmoja Lamu". Aliyeitoa tanzia ile ni ndugu yake babu. Kumbe waliojua walikuwapo.

Asiye na kipande ana pa kwenda. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, Nairobi, na Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ina magazeti ya tangu enzi za ukoloni. Baraza lilianza 1939 likadumu miaka 40. Al-Islah la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui lilitoka Mombasa 1932. Gazeti Rasmi la Serikali lilianza 1899, na humo mna matangazo ya mirathi na ya hatimiliki zilizopotea. Matoleo mengi yanasomwa bure kwenye intaneti. Ukitafuta jina, jaribu kila tahajia. Makarani wa Kizungu waliandika walivyosikia: Mohamed, Mahomed, Muhammad; Saleh, Swaleh; Salim, Salum. Jaribu pia bila "bin".

Mimi katika Gazeti Rasmi sikupata kitu. Hilo lisikukatishe tamaa. Wengi wetu waligawa mirathi nyumbani au kwa kadhi, na kukosekana kwa tangazo si dalili kwamba mtu hakuwepo.

Tanzia pekee haitoshi, kwani mwandishi huweza kukosea. Tafuta karatasi ya pili. Daftari la ndoa huandika jina la walii. Lamu nilionyeshwa ndoa ya yule mtoto "aliyekufa mchanga", na walii alikuwa babu mwenyewe. Nikaulizia mitaani, nikaelekezwa nyumba ya binti yake.

Alinipokea, akaniwekea kahawa, akaenda ndani akarudi na bahasha. Ndani mlikuwa na cheti cha kifo cha mamake, cha mwaka 1987. Miaka ishirini na zaidi baada ya babu. Nikamuuliza kwa nini hawakuja Mombasa siku zote hizo. Akanijibu, "Mama alisema tusiende kuomba. Alisema mkitaka kutujua, mtauliza."

Uuzaji umesimama. Binamu zangu hawakufurahi, na mmoja mpaka leo hanijibu salamu. Karatasi zote tumezipeleka kwa kadhi, pamoja na orodha mpya ya warithi watano. Mamangu alitia sahihi hiyo ya pili, kisha akaniomba nimpigie simu huyo mpwa wake wa Lamu, ambaye hajawahi kumwona.

Kabla hujatia sahihi orodha ya warithi, fungua msahafu wa wazee wako na ugeuze nyuma kila kipande cha gazeti.