Shirika Moja la Ndege Lililovunjika Mara Tatu



Askari aliyepata kulinda Namanga au Horohoro anajua kwamba mpaka hufungwa kwa amri ya siku moja, lakini kuufungua ni kazi ya miaka. Ndivyo ilivyokuwa kwa anga ya Afrika ya Mashariki.

Tarehe 1 Januari 1946 Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilianza kusafirisha abiria chini ya shirika moja, East African Airways. Lilianza na ndege ndogo aina ya Dragon Rapide. Ilipofika 1966 lilikuwa na Super VC10 zilizokwenda hadi London. Ni kweli kwamba liliasisiwa na wakoloni, na makao yake makuu yakawekwa Nairobi, jambo lililowakera wenzi wengine hata baada ya uhuru. Lakini lilikuwa mali ya wote.

Halikuuawa na uhaba wa abiria. Nchi wanachama zilibishana nani anamdai nani, na fedha za nauli zikabaki zilikokusanywa badala ya kupelekwa makao makuu. Tena, tangu Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja. Marais watatu, waliokuwa mamlaka ya mwisho ya Jumuiya, hawakukutana tena.

Mwanzoni mwa 1977 ndege zilitua zisiruke tena. Januari 22 Kenya iliunda Kenya Airways. Februari 4, siku ile ile shirika hilo lilipoanza safari zake, Tanzania ilifunga mpaka. Machi 11 ikazaliwa Air Tanzania. Uganda ilikuwa imekwisha kuunda shirika lake mwaka uliotangulia.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya makubaliano ya Arusha kuhusu mali na madeni ya Jumuiya. Karibu miaka saba! Mmaasai wa Namanga aliyevuka kumjulia hali shemeji yake alihesabiwa mhalifu.

Januari 15, 2024 hofu ilirudi. Kenya ilikuwa imeinyima ndege ya mizigo ya Air Tanzania kibali cha kuchukua shehena Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Tanzania ikatangaza kwamba kuanzia Januari 22 itasimamisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Mara hii mawaziri walizungumza upesi, na katazo likaondolewa kabla tarehe hiyo haijafika.