Harimu ya Chemchemi: Somo la Ukame kwa Njombe na Makambako

Mwaka wa 18 Hijria, Hijazi ilipatwa na ukame mkali. Wanahistoria wanauita Mwaka wa Ramada, yaani wa majivu, kwa jinsi ardhi ilivyogeuka rangi. Khalifa Umar bin Khattab (r.a.) alitoka na watu kuomba mvua, akamtanguliza Abbas (r.a.), ami yake Mtume (s.a.w.). Hilo tunalihadithia sana mimbarini. Tunalolisahau ni kuwa Umar huyo huyo aliwaandikia magavana wake wa Sham na Misri walete chakula, akaakhirisha ukusanyaji wa zaka, na Amr bin al-As akafukua upya mfereji wa kutoka Nile hadi Bahari ya Shamu ili nafaka ifike Hijazi kwa merikebu.

Tunayasema haya tukiwa na Njombe na Makambako akilini. Njombe ni nchi ya baridi na ukungu. Makambako, kilomita 60 hivi kaskazini yake, penye njia panda ya Mbeya na Songea na stesheni ya TAZARA, mvua ni haba zaidi. Kote mvua ni ya msimu mmoja, takriban Novemba hadi Mei. Miezi iliyobaki, asiye na bomba hutegemea chemchemi, kijito au kisima. Basi maandalizi ya ukame huko huanzia kwenye chemchemi yenyewe.

Mafakihi walilijua jambo hili zamani. Kila kisima kina harimu, eneo linalokizunguka ambalo si ardhi mfu, na hakuna aruhusiwaye kulihuisha na kulimiliki. Mahanafi walitaja dhiraa 40 kwa kisima cha kunyweshea mifugo na dhiraa 500 kwa chemchemi. Sisi Mashafi hatukufunga idadi. Tunatazama haja ya maji na hali ya udongo. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka chanzo cha maji. Anayeiona ni amri ya serikali tu, arudie milango ya ihyaul-mawat.

Lakini nani aondoke ndani ya harimu? Wapo wenye milingoti, mti unyonyao maji mchana na usiku, uliopandwa kwa ajili ya nguzo na mbao. Na wapo wenye vinyungu, bustani za mabondeni ambazo maskini hupata humo mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Mara nyingi tumeona wa pili akifukuzwa kwanza, kwa kuwa hana sauti. Kwetu sisi hukumu haiko hivyo. Madhara makubwa huondolewa kabla ya madogo: milingoti ing'olewe kwanza, na mwenye kinyungu aonyeshwe shamba jingine kabla ya kuambiwa ahame. Imamu wa kijiji anaweza kulisema hili Ijumaa hii, kabla hajatangaza swala ya kuomba mvua.

Wallahu aalam.