Je, Kujiua Kuna Ukoo?

Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake juu ya Waganda kilichotoka 1911, anaeleza kwamba aliyejiua hakuzikwa na wenzake. Mwili ulipelekwa mbali, njia panda au porini, ukachomwa. Wanawake waliopita hapo walirusha majani au vijiti, wakihofia mzimu usije ukawaingia na kuzaliwa upya. Tusiicheke hofu hiyo. Ilikuwa nadharia ya urithi kamili: balaa hili hurudi kwa kizazi kijacho, ila hupitia mahali, si damu, na mpita njia yeyote angeweza kulizaa.

Waamish wa Pennsylvania, Marekani, walishika upande wa pili: limo damuni. Mwaka 1985 Janice Egeland na James Sussex walichapisha hesabu ya miaka 100 ya jamii hiyo. Waliojiua kati ya 1880 na 1980 walikuwa 26, na asilimia 73 yao walitoka katika koo nne tu, zenye asilimia 16 ya watu wote. Hawa ni watu wanaosaidiana, wasiomwacha mwenzao peke yake. Visababu tunavyovikimbilia kwanza, upweke na ufukara, kwao vilikuwa haba. Karibu wote 26 waliugua sonona au maradhi ya jamii yake. Lakini zilikuwepo koo nyingine zilizolemewa na sonona vilevile, na humo hakujiua mtu. Kwangu hapo ndipo penye uzito kuliko asilimia zote: sonona peke yake haitoshi, kuna kitu cha pili kinachorithiwa kando yake.

Hata hivyo, Mwamish hurithi damu na malezi kwa mkupuo mmoja. Aliyevitenganisha ni Mdenmark, kwa madaftari yake ya serikali. Mwaka 1979 Fini Schulsinger na wenzake walichukua watu 57 waliolelewa na wazazi wasiowazaa, kisha wakajiua, wakawalinganisha na wengine 57 waliolelewa hivyohivyo. Miongoni mwa ndugu wa damu 269 wa kundi la kwanza, 12 walikuwa wamejiua. Kwa kundi la pili, 2 kati ya 269. Kwa ndugu wa kulea, hakuna hata mmoja.

Basi Mwamish kashinda? Kwa nusu. Alec Roy na wenzake, 1991, walikusanya jozi 62 za pacha wa kufanana ambamo angalau mmoja alijiua. Jozi ambazo wote wawili walijiua zilikuwa 7. Kwa pacha wasiofanana, 2 kati ya 114. Damu inasema, ndiyo, lakini jozi 55 hazikuitika. Utafiti mkubwa wa 2022 ulionyesha sehemu ya kromosomu ya 7 inayohusiana na kujaribu kujiua hata baada ya kuondoa mchango wa maradhi ya akili, ila nguvu yake ni ndogo mno. Jeni moja la kujiua halipo.

Kwetu ukoo huchunguzwa wakati wa posa, na kwa hiyo habari hizi hufichwa. Sheria nayo huchangia: Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha Januari 2025 kifungu kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, lakini Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kingali kitabuni. Anayeumia kwa ficho hilo ni mgonjwa wa sonona, ambaye daktari wake hajui amwangalie kwa karibu kiasi gani. Sonona inatibika. Ukiulizwa kliniki kama yupo ndugu aliyejiua, sema. Na usipoulizwa, sema vilevile.