Msokoto wa muundi

Msokoto wa muundi ni pembe kati ya goti na kifundo cha mguu, mtu akiutazama mfupa kutoka juu kama anayechungulia bomba. Kwa mtu mzima ncha ya chini huelekea nje, mara nyingi nyuzi 20 hadi 40. Muundi uliovunjika ukiunga huku kipande cha chini kimezunguka, mguu huonekana umenyooka, ila unyayo unatazama kando.

Dar es Salaam, bodaboda ndiyo chanzo kikubwa cha mivunjiko hii. Majeruhi wengi wa Tegeta huanzia Hospitali ya Mwananyamala, wa Mbagala huanzia Temeke, na wenye kuhitaji upasuaji mkubwa hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Huko hutumika chuma cha SIGN, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle. Chuma hicho hupitishwa ndani ya uboho na kukazwa kwa skrubu juu na chini, bila kulazimu eksirei chumbani mwa upasuaji. Utafiti wa MOI uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 240 wa mvunjiko wazi wa muundi, uliona kwamba mifupa yenye chuma cha ndani hupinda kidogo kuliko iliyofungwa vyuma vya nje. Lakini kupinda huonekana kwenye picha ya eksirei, msokoto hujificha.

Kipimo sahihi zaidi ni cha mashine ya CT: picha moja karibu na goti, nyingine juu kidogo ya kifundo, kisha pembe za miguu yote miwili hulinganishwa. Tofauti inayozidi nyuzi 10 huhesabiwa kasoro. Chini ya hapo si neno, kwani hata miguu mizima ya mtu mmoja hupishana kidogo.

Pasipo CT, kitanda na kipimapembe vinatosha kumtambua mwenye kasoro kubwa, na hakuna sababu ya kuliacha jambo hili. Mgonjwa hulala kifudifudi, goti likunjwe nyuzi 90, unyayo uelekee dari. Mstari wa kisigino hadi kidole cha pili hupimwa dhidi ya mstari wa paja. Kwa wengi hutoka nje nyuzi 10 hadi 15. Halafu mguu wa pili hupimwa vilevile.

Wakati bora wa kulinganisha miguu ni kwenye meza ya upasuaji, kabla skrubu za chini hazijakazwa, mguu mzima ukiwa umeachwa wazi kando ya uliovunjika. Hapo kipande cha chini bado huzungushwa kwa mkono. Mfupa ukishaunga, kuurekebisha ni kuukata upya.