Shule ya Parokia na Lugha ya Uwanjani: Mfano wa Keringet

Wanahistoria wa Kiswahili nchini Kenya hupenda kuanzia pwani. Hata hivyo, sehemu ya historia hiyo imo katika shule ndogo za parokia huko bara. Chukua mfano wa Keringet, kandokando ya msitu wa Mau, eneo wanamoishi Wakipsigis, Waogiek, Wagikuyu na Wakisii. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliondoa uendeshaji wa shule mikononi mwa misheni. Kanisa likabaki mdhamini. Darasani Kiingereza ndicho kilichotukuzwa, na Kiswahili hakikuwa somo la lazima la mtihani wa shule za msingi mpaka mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza. Lakini uwanjani, kwayani na katika harambee za kujenga madarasa, mtoto na mzazi walihitaji lugha isiyo ya kabila moja. Hivyo Kiswahili kilienea kwa kazi kabla ya kuenea kwa mtihani.

Tusikitukuze kupita kiasi: hakikuzuia mapigano ya Molo ya 1992, wala yale ya Kuresoi ya 2007 na 2008. Kiliwaachia majirani njia ya kusemezana tena, na hilo si dogo.