Mlio wa mkanda garini: unatoka wapi, na unyamazishwe vipi?

Ti, ti, ti! Mlio wa mkanda unawakera madereva wengi, hasa wa safari fupi za kwenda sokoni au mnadani. Wapo wanaoongeza sauti ya redio ili wasiusikie, na wapo wanaompelekea fundi gari akate waya. Katika makala hii tunaeleza mlio huo unatoka wapi, namna ya kuunyamazisha bila kujiweka hatarini, na kwa nini kukata waya si jambo dogo.

Gari linajuaje kwamba hujafunga?

Ndani ya kifungio, pale unapochomeka ulimi wa mkanda, kuna swichi ndogo. Ulimi ukiingia, swichi inaliambia gari kwamba mkanda umefungwa. Siti ya abiria wa mbele, katika magari mengi, ina pia kihisio chini ya mto wake kinachotambua uzito. Uzito ukiwepo na mkanda haujafungwa, taa huwaka kwenye dashibodi na mlio huanza. Katika magari mengi mlio huongezeka gari likishashika mwendo.

Kihisio hakitofautishi mtu na mzigo. Debe la mahindi, mkungu wa ndizi au begi zito, kwake vyote ni abiria.

Marekani walishagomea

Kukerwa na mlio huu si jambo jipya. Magari mapya ya mwaka 1974 nchini Marekani yalitengenezwa yasiwake mpaka waliokaa mbele wafunge mikanda. Watu walilalamika sana, na mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo likazuia serikali kulazimisha mfumo huo. Likaweka pia kikomo: mlio unaolazimishwa na sheria usizidi sekunde 8. Baadaye watengenezaji wenyewe walirudisha milio mirefu, kwa sababu mlio wa muda mfupi watu waliuzoea wakaupuuza.

Ukilia, fanya hivi

Kwanza, tazama siti ya mbele. Kama kuna mzigo, uhamishie nyuma au uweke chini sakafuni. Ukikosa nafasi, ufunge mzigo kwa mkanda wa siti hiyo. Mlio utanyamaza, na mzigo hautaruka ukikanyaga breki ghafla.

Pili, kama mkanda umefungwa na mlio unaendelea, kagua kifungio. Vumbi la barabara zetu, makombo, hata sarafu, huingia humo na kuzuia swichi. Fungua na kufunga mara kadhaa, kisha toa uchafu kwa upepo wa pampu. Usimwagie maji, wala usitie mafuta au grisi, maana vitanasa vumbi zaidi.

Tatu, chungulia chini ya siti. Waya huweza kulegea siti inaposogezwa mbele na nyuma, au kubanwa na chupa na vyuma vilivyosukumwa humo. Ondoa vitu hivyo, lakini waya usiuvute. Baadhi ya waya za hapo, mara nyingi zenye soketi ya njano, ni za mfuko wa hewa, ule mafundi wanaouita eabegi. Hizo mwachie fundi umeme wa magari mwenye mashine ya kupima, na betri itenganishwe kwanza.

Usifanye haya

Usichomeke kipande cha chuma kinachouzwa kulidanganya gari, wala usifunge mkanda ukaupitisha nyuma ya mgongo. Mlio utanyamaza, lakini hakuna kitakachokuzuia gari likigonga.

Usikate waya. Katika magari mengi, taarifa ya kifungio huenda pia kwenye kompyuta ya mfuko wa hewa. Ukikata, taa ya mfuko wa hewa huweza kuwaka, na mfuko ukashindwa kufanya kazi yake siku ya ajali. Hata mfuko wenyewe umetengenezwa kumpokea mtu aliyefunga mkanda. Asiyefunga hurushwa mbele akakutana nao ukiwa bado unafumuka kwa kasi.

"Lakini mimi siendi mbali"

Tunaisikia sana sentensi hii. Kugonga kitu kigumu ukiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kama kuporomoka kutoka juu ya mnazi. Mwendo huo tunaushika hata barabara ya kwenda kijiji cha pili. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa dereva na abiria wa mbele kwa karibu nusu.

Mama mjamzito naye afunge: kipande cha chini kipite chini ya tumbo, kwenye nyonga, na cha juu kipite katikati ya matiti. Mtoto mdogo akae nyuma, asipakatwe mbele.

Hapa Tanzania sheria inamtaka dereva na abiria wa mbele wafunge mkanda, na trafiki anaweza kukuandikia faini. Kwa hiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuunyamazisha mlio ni ile isiyo na gharama: vuta mkanda, chomeka, usikie "ka!", ndipo uondoe gari.